Maalim Nyange na Miguu ya Wazee wa Mgogoni

Ijumaa tarehe 17 Aprili 1959 kulikucha kwa mvua nzito ya masika, na wazee wa Mgogoni walikwenda msikitini wamejikunyata kwa baridi. Siku hiyo Maalim Nyange bin Matano alikasirika kwa ajili ya Mola wake, na hasira hiyo ndiyo sababu ya kuandikwa maisha yake.

Alizaliwa hapo hapo Mgogoni mwaka 1891, mtoto wa wakulima wa muhogo. Baba alifariki mapema, akalelewa na bibi yake, Bi Kijakazi. Alijifunza Kurani ukubwani, amekaa mkekani pamoja na watoto, wala hakuona haya. Baadaye akawa mwalimu wa chuo cha Kurani na imamu kwa miaka ishirini na sita. Mkewe, Bi Moza, alimfia. Hakuoa tena, akawageukia wazee wasio na mtu.

Wazee hao walikuwa na desturi moja: hawakujipangusa maji ya udhu, wakiamini kwamba anayepangusa anafuta thawabu zake. Wakitoka kwenye birika la kutawadhia waliingiza miguu mibichi katika mitalawanda, viatu vya mti vya msikiti, ambavyo wote walivivaa kwa kupokezana. Basi aliyeswali zaidi ndiye aliyeoza miguu zaidi. Mzee Silima, mwenye miaka sabini na tisa, hakukosa alfajiri hata moja. Ngozi baina ya vidole vyake ilikuwa nyeupe, imepasuka, inanuka. Kucha zilikuwa nene na manjano.

Ijumaa ile Msellem, msimamizi wa msikiti, alimzuia mlangoni mbele ya watu, akasema ule ni ukoma. Mmoja akadakia kwamba zile si kucha, ni kwato, apelekwe malishoni. Wakacheka, tena ndani ya nyumba ya Mungu! Mzee Silima aliuliza jambo moja tu: siku akifa, ataswaliwa wapi? Akageuka kurudi mvuani.

Maalim alikuwa keshapanda mimbari. Akateremka, akaenda mlangoni.

“Yakhe Msellem, vua soksi.”

Msellem alinung’unika kwamba hiyo si adabu.

“Vua, nakwambia. Na nyie wa safu ya mbele, nyoosheni miguu.”

Wazee walikuwa kumi na wanne. Kumi na mmoja walikuwa na ugonjwa ule ule, na ukucha wa Msellem ulikuwa umeliwa kuliko wa Silima.

“Mnamfukuza mtu kwa kuswali sana,” alisema Maalim. “Hapa hapana ukoma. Pana ujinga, na mwenye kuufundisha ni mie. Mie ndiye niliyewakataza kujipangusa.”

Hakuanza hutuba mpaka Silima alipokaa safu ya mbele.

Kesho yake alikwenda mjini Wete kwa miguu. Daktari akamweleza kwamba ule ni ukungu wa ngozi, unapenda unyevu na huambukizwa kwa viatu, akampa dawa ya kupaka. Maalim akachoma moto mitalawanda yote, akataka kila mtu aje na viatu vyake, akachana kanzu yake ya Idi kuwa vitambaa. Kila Alhamisi alikaa chini, akawakausha wazee vidole na kuwakata kucha. Walimwita kinyozi wa kucha; wengine walihama msikiti. Aliwakasirikia, na hakuacha.

Alifariki Novemba 1961. Waliomuosha husimulia kwamba miguu yake ilinukia udi. Mungu ndiye ajuaye. Karama iliyoonwa na wote ni ngozi ya Mzee Silima, iliyofunga, ingawa kucha zilibaki nene. Anayempenda Maalim asimsifu tu. Akamtazame mzee wa nyumbani kwake miguu.

Walipokwisha kufukia kaburi la Maalim, Msellem alivua viatu mbele ya jamaa wote, akasimama karibu na Silima.

“Nyie nyote mashahidi,” alisema. “Kila Alhamisi nitakaa chini kama alivyokaa Maalim, nikianza na miguu ya Mzee Silima. Na siku akifa, nitamuosha mie, na ataswaliwa ndani.”