Ufa wa Kware

Baada ya mvua ya wiki nzima, dada yangu Njeri alinipigia simu: mlango wa chumba chake ulikuwa umekataa kufungika na ukuta umepasuka. Mimi nasoma jiolojia na mazingira chuo kikuu, na muhula huo tulikuwa tukisoma udongo mweusi, ule unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Niliogopa.

Asubuhi nilitoka kwetu Buruburu kwa miguu. Donholm matope yalinifika vifundoni. Mto Ngong ulikuwa umefurika, mweusi, ukibeba magodoro na chupa, na harufu yake ilinifuata mpaka Kware, anakopanga Njeri, mahali ambapo ghorofa zimebanana hadi hata mchana watu huwasha taa.

Njeri alinipokea mtoto akiwa mgongoni. Ufa ulianzia kona ya dirisha ukashuka mshazari hadi sakafuni. Vidole vyangu viliingia.

"Si ni plasta tu?" aliuliza.

"Msingi unasogea. Twende nyumbani leo."

Msimamizi wa ploti, jengo hilo la vyumba vya kupanga, alisikia akaja. "Madam, usitishie watu. Hiyo tutaziba."

Nilibisha kwa jirani, Mama Halima, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mwanangu. Mimi na wanangu wanne, huko kwenu kuna nafasi?"

Kwetu tulikuwa tunalala hadi jikoni. Nilirudi kwa Njeri kufunga godoro.

Alasiri tulirudi, mimi na godoro kichwani, Njeri na mtoto. Kufika mtoni Njeri alilia, akapangusa uso, tukaendelea.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kuchukua mtungi wa gesi wa Njeri. Ufa ulikuwa umezibwa na kupakwa rangi ya maziwa. Kijana mmoja na mkewe walikuwa wakiingiza kochi.

"Niaje, sista," alinisalimu.

"Poa. Huu ukuta umepasuka vibaya chini ya hiyo rangi. Msihamie hapa."

"Kwani wewe ni injinia?"

"Bado. Nasoma."

Alimtazama mkewe, mja mzito, ameketi juu ya ndoo kupumzika. "Basi soma, sista. Sisi tumetafuta nyumba tukachoka."

Wakainua kochi tena. Nilibeba mtungi nikawapisha mlangoni. Nilichojifunza Kware ni kwamba kumwonya mtu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumwonyesha pengine pa kulala, na hapo sikuwa na pa kumwonyesha.