Maji Yalipojaa Kwenye Mchanga Mweusi

Kaka yangu akiisimulia safari yetu ya Komoro dukani kwake Majengo, Nairobi, yeye ndiye aliyemwokoa mama. Ni uongo. Nataka kitu kimoja tu: mama aseme mbele ya watu nani alimtoa pale.

Nina stashahada ya utalii, niliyoilipia kwa kukaanga sambusa Makadara. Nimewatembeza wageni miaka mingi kisiwani Ngazidja, Komoro. Kabla ya kurudi nyumbani niliwaita mama na kaka waje waone nilikofika. Niliwapeleka kwa miguu hadi ufuo ninaoupenda kuliko yote: mchanga mweusi kama masizi, umezingirwa na kuta za mawe ya volkano yaliyogandia baharini. Njia ni moja, chini ya kuta hizo, na hupitika maji yanapokupwa tu.

"Adhuhuri tuwe tumeshaondoka," nilisema.

Kaka akatandika mkeka, akafunua sufuria ya pilau. "Msomi anatufundisha bahari! Sisi ni watu wa pwani, bwana. Babu yetu alitoka Lamu."

Babu alitoka Lamu, sawa. Kaka alizaliwa Pumwani, na maji mengi aliyowahi kuyaona ni mafuriko ya Mto Nairobi. Lakini kwetu mkubwa akikaa kula, hakuna anayesimama. Nilisema tena, mama akaninyamazisha kwa jicho.

Tulipoinuka, mawimbi yalikuwa yameimeza njia. Ikabidi tupande juu ya mawe, makali kama chupa zilizovunjika. Kaka alitangulia peke yake bila kugeuka. Kandambili za mama zilikuwa zimekatika. Nikamvisha viatu vyangu, nikamkokota hadi juu huku nyayo zangu zikichanika.

Jana nilimkuta kaka dukani akiwaambia wateja, "Nilimbeba mama mgongoni!"

"Ulimbeba wapi? Mgongo wako tuliuona ukitokomea!"

Wateja wakacheka. "Niaje, mzee wa Komoro," mmoja akaniambia, "leo umeamkia upande gani?"

"Heshima, mdogo wangu," kaka akasema. "Hapa ni kwangu."

Nikazunguka nyuma ya duka, mama alikokuwa akichambua mchele. "Mama, njoo uwaambie ukweli."

"Mwanangu, yule ni mkubwa wako. Mimi najua nani alinishika. Haikutoshi?"

"Hainitoshi!" nikasema, kwa sauti iliyofika dukani.

Mama akainuka, akaingia ndani, akaufunga mlango, mimi nikiwa nje.