Bibi Kizee Kifuani mwa Leander

Huko Newfoundland, kisiwa cha Kanada, hakuna ambaye Bibi Kizee hajawahi kumkalia. Ndilo jina lao la jinamizi: unazinduka huwezi hata kuinua kidole, kifua kimebanwa, pumzi haipandi. Padri amekaliwa, polisi amekaliwa, na asubuhi watu huchekana kwenye chai. Kwa hiyo Leander Hynes aliposema Kizee amemkalia tena, dada yake hakushtuka.

"Umelala chali tena wewe. Lala ubavu," Dulcie alimwambia, akigeuza chapchap vibonge vya samaki na viazi kikaangoni.

"Sikulala, Dul. Nilikuwa napandisha kuni."

Dulcie akazima jiko. Kizee hamkalii mtu aliye macho, sembuse mwenye kuni mikononi.

Leander aliugua skizofrenia tangu ujana. Sindano ya kila mwezi ilizinyamazisha zile sauti, hilo Dulcie hakulikataa. Lakini ilimnenepesha kijana aliyekuwa mwembamba kama ufito, ikamletea kiu na uchovu, na sigara hakuna daktari aliyejisumbua kumwachisha. Alilolalamikia lote lilipewa jibu moja. Jino likimuuma, ni wazimu. Mguu ukivimba, ni wazimu. Utadhani Mungu alimuumba bila mwili.

Wakaenda zahanati. Daktari Prentiss alikuwa mgeni, katoka Toronto, mpole, viatu vinang'aa.

"Haya Leander, nini kinakusumbua?"

"Bibi Kizee, daktari. Ananikalia kifuani. Siku hizi anakuja hata mchana."

"Anakwambia nini huyo bibi?"

"Haniambii kitu. Mzito tu."

Dulcie akaingilia kati. "Daktari, huo ni usemi wetu tu wa huku. Ana maana kifua kinambana. Mpime moyo."

"Na wewe unamwona?" daktari akamuuliza, kwa ile sauti ya kumbembelezea mtoto.

"Hakuna anayemwona! Muulize nesi wako hapo nje, mzaliwa wa hapa hapa!"

"Bi. Hynes, tafadhali. Ugonjwa umerudi, hutokea. Tutaongeza dozi."

Kile chombo cha kusikilizia moyo kilikuwa shingoni mwake muda wote huo, kimening'inia kama pambo. Dulcie alitamani kumpokonya ampime ndugu yake mwenyewe. Lakini Leander alikwisha kukunja mkono wa shati.

"Wacha, Dul," alisema. "Daktari ndiye anayejua."

Akadungwa. Akashukuru pia, maana ndivyo alivyolelewa.

Hakuifikia hata sindano iliyofuata. Jirani alimkuta ameanguka uani, kuni zimetawanyika pembeni. Moyo, walisema baada ya kumpasua. Maiti ndiyo waliyoipima vizuri. Hakuwa ametimiza miaka hamsini.

Siku ya matanga nyumba ilijaa watu, na Daktari Prentiss akaja. Si mtu mbaya, ndiyo maana Dulcie alishindwa hata kumchukia sawasawa. Alipokea kikombe cha chai, akasimama karibu na jeneza, akatafuta la kusema.

"Pole sana, Bi. Hynes. Inasikitisha, lakini wenye ugonjwa wake huondoka mapema. Mara nyingi huwa ni moyo."

Alilisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Dulcie akaweka birika chini.

"Hilo ulilijua?"

"Linajulikana, ndiyo. Liko wazi kabisa."

"Tangu lini?"

"Miaka mingi."

"Basi ulijua watu kama Leander wanauawa na moyo," Dulcie akasema, na sasa sebule nzima ilikuwa inasikiliza. "Akaja mmoja wao, akakaa mbele yako, akakwambia kifua kinamwelemea. Na wewe ukamuuliza bibi kasema nini."

Daktari akaweka kikombe chini ili aondoke. Hakuna aliyemletea koti lake, alilitafuta mwenyewe.