Visikizi vya Bei ya Mbuzi

Mume wangu hakuwa na P. Alizaliwa Banissa, akalelewa kwa Kisomali, na lugha hiyo haina P wala V. Alipoingia katika Kiswahili alikuja na B na F zake, akazitumia kila mahali bila haya. Pesa ilikuwa besa, pole ilikuwa bole, vitu vilikuwa fitu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kwetu ni hapa hapa Garissa, kando ya Mto Tana, kwa wakulima wa ndizi, na Kiswahili nilikuwa nacho tangu utotoni. Kutwa nzima nilisahihisha B na F za watoto wa watu, kisha jioni nikirudi nyumbani nakuta nyingine zinaningoja na chai.

Neno lililotutesa kuliko yote lilikuwa moja. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi: ananunua kule juu, anapakia kwenye lori, anakuja kuuza soko la mifugo la hapa mjini. Kupakia ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kubakia ndilo jambo nililomwomba mimi. Kinywani mwake yote mawili yalikuwa kitu kimoja. Akisema, "Kesho mimi nabakia," nilimuuliza, "Kwa P au kwa B?" Hapo alicheka, akanijibu kwa mkono. Akimaanisha anakaa, alipiga mkeka kwa kiganja. Akimaanisha lori, alinyanyua mikono yote miwili kama mtu anayemrusha mbuzi juu ya ubao.

"Hifi," alisema. "Sasa mwalimu ameelewa?"

Nilielewa. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kukosea neno lile, kwa sababu mkono ulikuwapo.

Mwaka jana alisafiri kwenda kwao. Aliniambia mama yake anaumwa na kwamba hatakawia. Akakawia. Mwezi ulikwisha ukaingia mwingine, na kila nikimpata kwenye simu ni mama, mvua, mtandao mbaya, basi. Mimi nikaanza kununa. Nilijua wanaume wanaorudi kwao polepole, kidogo kidogo, mpaka siku moja mke wa mjini anagundua kwamba kanzu zote zimeondoka. Nikamtumia ujumbe wa sauti. Nilimwambia, "Nijibu jambo moja tu. Unarudi au hurudi?"

Jibu lake lilikuja baada ya Magharibi.

"Mwalimu, sikia. Huku mfua imenyesha, majani iko mingi. Hooyo anaendelea fizuri. Mimi kesho nabakia, inshallah. Wewe usijali. Nitakubigia."

Hooyo ni mama. Hilo nililielewa, na mengine yote pia, isipokuwa lile moja. Mara ya kwanza nilisikia kwamba anakaa, na hasira ikanipanda hata nikaiweka simu kifudifudi. Baadaye kidogo nikaikumbuka P, nikampigia nimuulize. Mteja hapatikani. Kule mtandao huja na kuondoka upendavyo, kwa hivyo nikasema nitampata asubuhi. Alfajiri aliyepiga simu alikuwa kaka yake. Alisema ni homa, alisema ni kifua, akasema ni amri ya Mungu. Walimzika mume wangu siku ile ile, kama inavyotakiwa, kabla mimi sijapata hata gari la kunifikisha Wajir, nusu ya njia.

Nikakaa eda. Mjane hukaa nyumbani miezi yake, hajipambi, hatoki ila kwa dharura, na majirani humletea uji na nasaha. Nasaha zilikuwa nyingi kuliko uji. Wote waliniambia nisome Kurani, nami nilisoma, kisha nikishamaliza nachukua simu na kumsikiliza. Nilitaka kujua kitu kimoja, na sitaki kukipamba: mume wangu alikufa akiwa amekwisha amua kuja kwangu, au alikufa akiwa ameamua kukaa huko? Kwa mtu wa nje hiyo ni herufi tu. Kwangu ilikuwa ndoa nzima.

Nilimpigia kaka yake. "Shemeji, samahani. Alisema anapakia au anabakia?"

Alifikiri kwa dhati kabisa, kwa maana ni mtu mwema. "Ndiyo," akasema. "Alisema anabakia."

"Kulikuwa na lori?"

"Lori iko siku zote, shemeji."

Nikamshukuru, nikakata simu, nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka jirani akaja kuniangalia, akanikuta nalia, akaridhika.

Hapo ndipo habari za visikizi zinapoanza. Sisi walimu ndivyo tunavyoviita. Mtaani wanasema iyafoni. Kwanza nilikuwa na vile vinavyotembezwa stendi ya basi, vimening'inizwa kwenye ubao pamoja na vitana na betri. Sauti ya mume wangu ilitoka humo kama anaongea kutoka ndani ya jerikani, na baada ya siku chache upande mmoja ukafa. Lakini neno nililisikia. Siku nikiamka na moyo mwepesi nilisikia P. Siku nikiamka vibaya nilisikia B. Nikavilaumu vile visikizi. Nikajiambia kwamba P ipo humo ndani, ila vitu vya bei rahisi havina uwezo wa kuitoa.

Eda ilipokwisha, mama mkwe wangu alishuka kutoka Banissa na lori la mbuzi. Sehemu ya mbuzi wale ilikuwa ya marehemu, na wazee walikuwa wameamua ije kwangu. Kwa hivyo hatimaye walipakiwa, bila yeye. Mama alikuja anitazame na akae kidogo. Yeye huniita hooyo, nami humwita hooyo, kwa sababu kwao mzazi humwita mtoto kwa jina lile lile analoitwa yeye. Kiswahili chake ni cha kununulia sukari na Kisomali changu ni cha jikoni, basi tulikuwa tukielewana pale katikati, na kwingine tulinyamaza.

Kijana mmoja ana duka la simu mtaani kwetu. Nilimwambia nataka visikizi bora kuliko vyote, vya kusikia sauti ya mtu. Alidhani ni mambo ya muziki.

"Madam, kuna moja noma sana, lakini lazima niagize Nairobi," akasema. "Hiyo utasikia hadi mtu akivuta pumzi. Bei si mchezo."

Akanitajia bei. Nilimwambia arudie, akarudia. Ilikuwa bei ya mbuzi wanne wazuri. Kwa pesa hizo ungenunua redio, na spika, na simu nyingine, na ukabaki na nauli. Nilimuuliza ndani kuna nini, dhahabu? Akanieleza habari za spika ndogo ndogo zilizojazwa ndani, kila moja na kazi yake, na nyaya zilizosukwa, na masikio ya wanamuziki. Sikuelewa hata nusu. Aliniambia pia, kwa uaminifu wake, kwamba ujumbe wa simu hubanwa njiani, na kilichopotea hakirudishwi na kifaa chochote. Nilimsikia vizuri sana. Nikaenda sokoni nikawauza mbuzi.

Visikizi vilipofika kutoka Nairobi, mama mkwe alikiona kisanduku cha chuma vilimokuwamo, akakifungua, akatoa uzi mwembamba wenye vifundo viwili.

"Hii mbuzi ngapi?" akauliza kwa Kiswahili.

Nikamwambia. Akavitazama vile vifundo, akanitazama mimi.

"Umeuza mbuzi, umenunua nyuzi," akasema, sasa kwa Kisomali, akakirudisha kile kitu kisandukuni taratibu kama anayeweka yai.

Nilijifungia chumbani baada ya Adhuhuri. Vilikuja na vimpira vya ukubwa mbalimbali, nikajaribu mpaka nikapata vinavyoziba. Mara Garissa yote ikaondoka. Pikipiki, jenereta ya kinyozi, wauza maziwa ya ngamia wanaobishana chini ya dirisha langu tangu nihamie pale, wote kimya. Nilijisikia nikimeza mate. Kisha nikabonyeza.

Ni kweli yule kijana hakunidanganya. Mume wangu aliingia chumbani. Sijui nieleze vipi. Sauti yake haikuwa masikioni, ilikuwa mbele yangu, mahali ambapo angeketi. Nilisikia upepo umekatwa na kitu, pengine shuka aliyojifunika. Nilisikia mbuzi mmoja mbali. Neno likafika.

Halikuwa P wala B. Lilikuwa lile lile la siku zote, neno lake, la kinywa chake, lenye kuhitaji mkono. Nililirudia mpaka Alasiri. Mwalimu mzima, na cheti ukutani, nimelipa mbuzi wanne ili nisikie herufi ambayo mtu hakuwahi kuwa nayo. Hata angekuwa amekaa pale kitandani akaisema sikioni mwangu nisingeijua mpaka anyanyue mikono.

Ila kulikuwa na kingine. Kabla ya "Mwalimu, sikia" kulikuwa na pumzi, fupi, inayokwaruza. Baada ya "mingi" nyingine. Kabla ya "Wewe usijali" sauti ilienda mbali, kama mtu aliyegeuza uso kando ya simu, na huko mbali alikohoa. Alikohoa kwa kujizuia, mdomo umefumbwa, kisha akarudi na kuniambia nisijali. Katika vile vya stendi hapo palikuwa kimya tu. Nililipia neno, nikauziwa kikohozi.

Watu wakiniuliza, na shuleni waliniuliza, kama vitu vile vina thamani ya bei yake, huwa nawajibu kwamba vinayo. Vinasema kila kilichomo. Kwa sababu hiyo hiyo simshauri mtu avinunue. Vile vya bei rahisi viliniachia mume mzima mwenye afya, anakuja au haji. Hivi vilinipa mgonjwa.

Nilipotoka chumbani mama alikuwa ametandika mkeka ukumbini, ametoka kuswali. Aliniona uso. Alinyoosha mkono akavitaka, nami nikamvalisha, nikisogeza shungi lake pembeni. Alikuwa hajawahi kuusikia ujumbe ule. Hakukuwa na aliyefikiria kumpa, kwa kuwa ulikuwa wa Kiswahili na ulikuwa wangu.

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Aliponiambia nirudie nilirudia. Kisha akauliza, "Anasema nini juu yangu? Nimesikia hooyo."

"Anasema unaendelea vizuri."

"Naendelea kutoka wapi?"

Nilidhani Kisomali changu ndicho kimekosea. Nikatafuta maneno mengine. "Umepona. Ule ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

Alivitoa vile visikizi akavishika mkononi. Alinieleza polepole ili nisipotee. Yeye hakuugua. Mwanawe alifika akamwambia amefuata mbuzi. Alikuwa akilala mchana, akinywa maziwa kidogo, akikohoa, na alipoulizwa alisema ni vumbi la barabara. Mama alifikiri amechoshwa na mji. Alifikiri labda amegombana na mimi, na kwa adabu hakuuliza.

"Alitaka kuondoka kesho yake?" nikamuuliza. "Alikwambia anaondoka au anakaa?"

Akatikisa kichwa. "Hakuwa akiniaga kamwe. Aliona nitalia. Aliondoka tu, halafu anapiga simu akiwa njiani."

Basi hakuna mtu duniani anayejua. Nilikaa chini kwenye mkeka kando yake. Nilikuwa nimemwonea wivu mama huyu kwa miezi, nikidhani ndiye aliyepewa siku zile za mwisho, na yeye alikuwa amezikaa akinifikiria mimi vibaya, akidhani ndimi niliyemfukuza mwanawe. Mume wangu alikuwa ametudanganya wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake, ili mtu asihangaike. Nilimkasirikia tena, hasira safi kabisa, kama bado yuko hai na amechelewa kurudi.

Mama hakukasirika. Alivipapasa vile vifundo kwa kidole gumba, akaviweka mapajani mwake. Hakusema tena habari ya mbuzi.

Nimerudi darasani. Juzi niliwapa imla, na kati ya sentensi nilizowasomea moja ilikuwa na neno kupakia. Nusu ya darasa waliliandika kwa B. Nilikaa na zile karatasi na kalamu nyekundu, na sikuweza kuweka alama. Nikawarudishia nikawaambia tutaifanya tena wiki ijayo.

Mama bado yuko kwangu. Kila siku akishaswali Alasiri hukaa pale pale kwenye mkeka na kuniita. Hataki kujifunza kuiwasha simu. Anataka niwashe mimi.

"Hooyo," ananiambia, kwa kile Kiswahili chake cha dukani, "nibe yeye."

Ukilisikia kwa masikio ya kamusi, ni mtu anayeomba kuiba. Lakini anaponiambia huwa amekwisha kunyoosha mkono, kiganja juu, nami ninajua anachosema.