Kikapu cha Bi Zuhura

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ambayo nikiikumbuka hadi leo naona haya. Nakusimulia kwa sababu umeniambia unataka kuwafundisha watoto kutunga hadithi, na sipendi uanze pale nilipoanzia mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka chuo kikuu na shahada yangu ya fasihi, na nilidhani halipo nisilolijua kuhusu hadithi. Familia tatu za Mji wa Kale zilizokuwa zikiwasomesha watoto wao nyumbani ziliniomba niwafunze utunzi. Tulikutana ukumbini kwa mama wa mwanafunzi mmoja, Rukia, ghorofa ya kwanza, katika kichochoro chembamba kiasi kwamba ukifungua dirisha waona chai ya jirani kama imetiwa maziwa au la. Rukia alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wenzake waliandika mengi kumliko, lakini yeye aliona.

Dirisha la mkabala lilikuwa la Bi Zuhura, mjane aliyeishi peke yake. Kila asubuhi aliteremsha kikapu kwa kamba, na Hamisi, muuza mboga, akamtilia ndimu moja. Moja tu.

"Ndimu tena, Bi Zuhura?" Hamisi alikuwa akimpigia kelele kutoka chini. "Wafungua kiwanda cha achari huko juu?"

"Wewe tia, ya jikoni kwangu hayakuhusu! Mama watoto hajambo? Na yule mdogo, homa imepoa?"

Nao wakazungumza hadi wateja wengine wamwite Hamisi.

Siku zile niliwaambia wanafunzi wangu waandike wanachokiona, basi. Kikiwa cha kweli, hakina kosa. Wakati huohuo jamaa zao walikuwa wakinong'ona kwamba watoto wasiokwenda shule hawasomi lolote. Maneno hayo yaliniuma, nikaazimia kuyakomesha. Nikaalika wazazi, mashangazi na majirani waje Jumamosi hiyo kuwasikiliza watoto wakisoma hadithi zao. Bi Zuhura naye akaja, na sahani ya mahamri mkononi.

Rukia alisoma hadithi ya mwanamke aitwaye Bi Zaina, ambaye kila siku hununua ndimu moja, ilhali za jana na juzi zimejikaukia ukingoni mwa dirisha. Alimalizia hivi: "Bi Zaina hana haja ya ndimu. Ana haja ya mtu wa kuishika kamba upande wa pili." Nilikwisha kuyasoma maneno hayo nyumbani mara tatu, machozi yakinilenga. Jina tulilibadilisha. Nikaona yatosha.

Rukia akaketi. Kisha shangazi mmoja akapiga kofi. "Eh! Si Bi Zuhura huyu? Kumbe ndimu zote zile ni upweke!"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, mwanangu. Walicheka kama watu wanaojuana tangu utotoni. Bi Zuhura akaweka kikombe chake chini, akajitanda buibui. "Wamesoma vizuri, mashallah," akasema, akatoka.

Kesho yake kikapu hakikuteremka, wala kesho kutwa. Siku ya tatu Hamisi alisimama chini ya dirisha lililofungwa, ndimu mkononi, akaita mara mbili, kisha akasukuma mkokoteni wake akaenda zake. Rukia alikuwa akitazama. Akalifunga daftari lake, akanikabidhi.

"Lichukue, Mwalimu. Mimi siandiki tena."

Jioni hiyo nilipanda ngazi za Bi Zuhura. Nilipiga hodi mara tatu ndipo akanifungulia. Alinikaribisha, akanimiminia kahawa, nami nikaanza kumweleza kwamba hadithi ni ubunifu, kwamba yule alikuwa Bi Zaina. Akainua mkono kunikatiza.

"Ungekuwa uongo ningecheka nao," akasema. "Mtoto amesema kweli. Lakini kweli ile ilikuwa yangu miye, na sijapata kuisema hata kwa dadangu. Umemfunza kuona, na ameona. Kusitiri hukumfunza. Ukimvua mtu nguo mbele za watu, utajitetea kwamba mwili ni wake?"

 Nikamwomba radhi, nikamwambia pia kwamba Rukia ameacha kuandika. Hapo ndipo alipokasirika hasa.

"Ameacha? Na hilo pia mwataka nilibebe mimi? Nenda kamwambie atunge nyingine, aje anisomee hapa hapa. Na nikijiona humo, nitamrudisha chini na daftari lake!"

Nilipomfikishia Rukia ujumbe huo, aliniuliza: "Nikikitoa kikapu, nikizitoa ndimu, nikimtoa na Bi Zuhura mwenyewe, kutabaki nini?"

"Kitabaki ulichokihisi ulipomtazama," nikamjibu. "Hicho ni chako. Kitafutie mtu mwingine wa kukaa naye." Nakiri kwamba hapo mimi mwenyewe nilikuwa najifunza huku nikifundisha.

Ilimchukua majuma matatu. Rasimu ya kwanza ilikuwa ya mwanamke anayeteremsha ndoo badala ya kikapu, tukacheka sote wawili, akaichana. Kisha siku moja akaandamana na mamake kwenda mtaa wa Makadara, na aliporudi alikuwa na fundi wa saa wa kubuni, mzee mwenye kibanda kidogo, ambaye huitengeneza saa ya mteja kwa dakika kumi, akaificha ndani ya mtoto wa meza, akasema: "Bado haijawa tayari. Njoo kesho."

Bi Zuhura aliisikiliza hadithi yote amefumba macho. 

"Huyu simjui," akasema Bi Zuhura hatimaye. Akajipangusa jicho kwa ncha ya mtandio. "Lakini kwani hapana mtu wa kukaa akanywa kahawa naye, maskini?"

Asubuhi iliyofuata tulisikia sauti yake ikiita kutoka dirishani, na haikumwita Hamisi. Ilimwita Rukia. Alipofika chini, kikapu kilikuwa kimekwisha teremka, na ndani yake mlikuwa na chupa ya achari ya ndimu.

"Shika kamba vizuri, isije ikamwagika!" Bi Zuhura akamwambia. "Na ukimaliza kula, panda uniletee chupa yangu. Usimpe mtu akuletee, uje wewe."

Basi, mwanangu, utakapoketi na watoto wako na madaftari yao, wafunze kutazama, kwani asiyeona hana la kuandika. Lakini siku hiyohiyo wafunze na kusitiri. Uchungu wa jirani waruhusu wauchukue. Jirani mwenyewe wamwache nyumbani kwake, mlango wake umefungwa kama alivyoufunga. Kubadilisha jina ni kazi ya nukta moja, nayo haitoshi. Hadithi imeiva pale mwenye uchungu anapoweza kuketi miongoni mwa wasikilizaji, akamlilia mtu asiyemjua, wala asigeukiwe na jicho la yeyote. Na ukikosea, kama nilivyokosea mimi, usitume salamu. Panda ngazi mwenyewe.

Mola akujaalie jicho lisilopitwa na jambo na ulimi wenye stara, na wanafunzi wako wakuzidi. Amin.