Kaka Atafuta Mdhamini

Mtaa mzima humwita Mama Saa, ingawa hana mtoto. Ni fundi wa saa za mkono, na akiona kitu kimefungwa hatulii mpaka akifungue.

Vipuri huvipata kwa mafundi wenzake kupitia mtandao wa ujumbe usio na mwenyewe. Hakuna kampuni wala makao makuu. Kila fundi huendesha kipande chake kwenye kompyuta yake. Uhuru ni mtamu, lakini nyumba isiyo na bawabu huingiwa na kila mpita njia. Mwaka juzi matangazo ya bahati nasibu na dawa za kuotesha nywele yaliwafurikia hadi wakatunga sheria: mgeni haingii mpaka mwenyeji amdhamini, na mgeni akileta takataka, wanatolewa wote wawili.

Jumatatu asubuhi likaja ombi kwa jina la kaka yake. Baba yao alimfukuza karakanani miaka kumi na moja iliyopita, na hakusikika tena. Mama Saa akaweka kibano chini. Akimdhamini tapeli, vipuri ndiyo basi. Akimkataa kaka wa tumbo moja je? Hilo lilimuuma zaidi.

"Baba alificha wapi ufunguo wa karakana?" akaandika.

"Ndani ya kiatu chake kibovu. Hata wateja walijua. Uliza la maana."

Mama Saa akacheka peke yake. Ukali ule ulikuwa wa kaka kabisa, ila ukali hauna hakimiliki. Kabla hajauliza lingine, ujumbe ukaingia.

"Na wewe je? Nitajuaje kama ni wewe?"

Hilo hakulitarajia. Alijikalia kama hakimu, kumbe naye yuko kizimbani. Akatafuta jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulijua. Lilikuwepo moja tu, na alikuwa akilikwepa miaka yote hiyo. Aliona aibu, lakini akaandika.

"Ile saa ya mteja niliivunja mimi. Baba alipouliza tukanyamaza wote, akakufukuza wewe kwa sababu ni mkubwa. Nisamehe, kaka."

Jibu likaja.

"Najua, mdogo wangu. Nilikuwa mlangoni. Nilikuona ukiisukuma chini ya kabati kwa mguu."

Habari ya mguu hakuwahi kumwambia mtu. Akabonyeza kumdhamini, machozi yakimtoka.