Shairi la Trui kwa Geurt

Dada yangu Trui alikunja sigara kiwandani hapa Kampen tangu ana miaka kumi na minne, na hakuna aliyewahi kumrudishia sigara. Kalamu ndiyo iliyomshinda. Kila Sinterklaasi, sikukuu yetu ya zawadi mwezi wa Desemba, sisi huokota majina kwenye kofia, kila mmoja akamtungia mwenzake shairi la kumchokoza, na aliyetungiwa analisoma mwenyewe mbele ya watu. Mashairi ya Trui aliyaandika marehemu mumewe.

Mwaka huu mdogo wetu Geurt akasema, "Dada Trui, wewe lete zawadi tu. Shairi tumekusamehe."

Bora angemtukana. Kesho yake Trui alinikokota hadi darasa la wazee pale maktaba, nami nikaenda ingawa sina shida ya kufundishwa. Kiholanzi tumekibwabwaja tangu utotoni, ila kwenye karatasi neno la kukataa tulilitupa popote, na kitenzi kilichotakiwa kungoja mwisho tulikitanguliza. Trui alifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Siku mwalimu alipotuonyesha namna ya kusema jambo limetendwa bila kumtaja mtendaji, Trui alinifinya paja. "Umesikia? Unamsema mtu, na hujamsema."

Jioni ya Sinterklaasi ikafika. Geurt akafungua karatasi yake, akasoma kwa sauti:

"Keki ya lozi ililiwa,
sahani nayo ikalambwa,
mlango polepole ukafungwa,
na paka akasingiziwa."

Tulicheka hadi mke wa Geurt akamwaga kahawa. Geurt mwenyewe alikuwa anapangusa machozi. "Halina kosa hata moja. Hili ni la binti yangu Hilde, si ni mwalimu wa shule."

Kwetu mtunzi hajitaji. Trui uso ulimwiva, akawa anaitafuna chokoleti yake ya sikukuu, iliyofinyangwa herufi ya jina lake, kama anatafuna mfupa. Hilde akapigiwa makofi. Akakataa. Akapigiwa tena, kwa unyenyekevu wake.

"Hilde hakuwepo," Trui akasema.

"Hakuwepo wapi?"

"Jikoni kwangu, mwaka jana. Ulipoila keki."

Geurt akaweka kikombe chini. "Kumbe uliniona?"

"Nilikuwa ngazini, na soksi mkononi."

"Basi mtunzi ni wewe, au ni paka."

"Paka hajui kungojesha kitenzi."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Geurt akasimama, akalisoma tena, safari hii akimwinamia dada yake. Trui akamwambia arudie, na afungue dirisha kwanza, majirani nao wasikie.